Giaboksi Imepona

Jumamosi, jioni.

Mvua ya mawe imepiga majani chai tangu saa nane, na kwa mara ya kwanza maishani sikutoka nje kuangalia. Wacha ipige. Nimekaa jikoni, goti langu la kushoto nimelielekeza motoni, simu mkononi. Hii blogu binti yangu Cherono ndiye alinifungulia akiwa nyumbani likizo. Aliniambia, mama, badala ya kumeza maneno yakakuchoma roho, yaandike. Leo nayaandika. Nina hasira, na anayetafuta habari za upole aende kwingine.

Mbele yangu, kando ya kuni, kuna giaboksi imefunikwa gunia la mbolea.

Ndiyo, giaboksi ya gari, jikoni. Fundi Wainaina na jamaa wake wawili waliibeba mpaka hapa jana asubuhi wakihema. Nilikataa ibaki kwa gereji yake, kwa sababu hapa kwetu kitu chochote cha marehemu kina wajomba. Hii si ya marehemu mume wangu. Hii ni yangu, nilimuuza ng'ombe ndio niinunue.

Nianzie mbali kidogo, ndio mtu asiseme nimeficha.

Pikapu yetu baba Cherono aliinunua ikiwa ya petroli. Ilikunywa kuliko mlevi wa mwisho wa mwezi, na kwa hii milima ya kwetu akachoka nayo. Siku moja matatu ikaanguka karibu na Chepilat. Mwenyewe akaiuza vipande vipande, na mzee wangu akachukua injini yake ya dizeli, akampelekea Wainaina, wakaiingiza kwa pikapu. Giaboksi ikabaki ile ile ya petroli. Haikuelewana na injini mpya hata siku moja. Tukipanda mlima ilikuwa inalia mpaka watu wa kituo cha majani wanaanza kupanga magunia kabla hatujatokea. Mzee aliipenda hivyo hivyo, na mimi nikaipenda kwa sababu yake.

Alipofariki, nilishika usukani. Leseni ninayo, na kazi niliijua. Asubuhi nakusanya maziwa ya majirani kupeleka kwa mtambo wa kupozea Kapkatet, na siku za kuchuna nabeba magunia ya majani hadi kituo. Watu walishangaa mwezi mmoja, halafu wakazoea. Mtu akiona maziwa yake yamefika hayajaganda, hana haja ya kujua ni nani aliendesha.

Kisha ng'ombe akanipiga teke.

Nicheke au nilie? Ng'ombe wangu mwenyewe, niliyemlea tangu akiwa ndama, asubuhi moja nikimfunga kamba ya kukamulia akanipata hapa kwa goti la kushoto. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Wamesahau ng'ombe. Goti lilivimba, likafungwa, likafunguliwa, na lilipopona likawa ni la kutembelea tu. Kukanyaga klachi likakataa. Na klachi ya ile injini ni nzito, mwanamume mzima akiikanyaga anakunja uso.

Hapo ndipo shemeji akaingia.

Shemeji yangu Kiprono ni ndugu mdogo wa mzee wangu. Alikuja akiwa mpole, akasema wewe pumzika, mimi nitashika gari mpaka upone. Nikamshukuru. Kogo, mama mkwe wangu, akamshukuru zaidi. Wiki ya kwanza maziwa yalifika mapema. Baadaye yakaanza kufika saa nne, halafu saa tano, na mengine yakawa yanarudishwa yameharibika. Watu wakaanza kuniambia wameona pikapu yangu Sigor imebeba mahindi ya mtu, wameiona Chepilat imebeba viti vya harusi. Nikimuuliza, ananijibu gari haiwezi kulala na njaa. Siku za kliniki alinibeba yeye, nikakaa kile kiti cha kushoto na mkoba wangu mapajani, nikiomba lifti kwa gari yangu. Alikuwa ananiteremsha langoni kwa hospitali, anaenda zake, na kurudi nijitafutie.

Mara moja nilimsikia akiongea na simu akisema, gari yangu iko Kapkatet. Gari yangu! Nilikuwa nimekaa kando yake.

 Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: nitaendeshaje gari kwa mguu mmoja.

Gari ya otomatiki haina klachi. Mguu wa kulia unafanya kazi yote, wa kushoto unakaa tu kama mgeni. Nilipomwambia Wainaina nataka giaboksi ya otomatiki kwa ile pikapu, aliweka spana chini. Wainaina ni Mkikuyu aliyezaliwa hapa hapa, na Kikipsigis chake ni kizuri kuliko cha mtoto wangu, kwa hivyo tunataniana bila kuogopana. Akaniambia, "Mama Cherono, pikapu ya petroli ikawekwa dizeli, sasa unataka otomatiki. Hiyo si gari tena, hiyo ni githeri."

Nikamwambia githeri pia, na mahindi na maharagwe yake yote, inashibisha.

Akatafuta. Alipata giaboksi ya otomatiki iliyotoka kwa van yenye injini ya dizeli ya ukoo mmoja na yangu, kwa hivyo zilishikana bila kulazimishwa. Shida ilikuwa ni mwili wa pikapu wenyewe. Ilibidi akate chuma cha kubebea giaboksi, achomelee kingine nyuma kidogo. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwa matairi ya nyuma, ikapelekwa Kericho ikafupishwa. Mabomba ya mafuta ya giaboksi yakaunganishwa na rejeta ili yapozwe, maana kwa hii milima otomatiki inachemka upesi. Mimi nilimuuza yule ng'ombe aliyenipiga teke. Niliona ni haki. Alinitoa kwa usukani, sasa anirudishe.

Siku ya kuchukua gari Wainaina aling'oa pedali ya klachi mbele yangu akanipa mkononi. Niliipeleka nyumbani nikaitundika kwa ukuta wa boma la ng'ombe, waione waliobaki.

Aki ya Mungu, ile siku ya kwanza! Nilipanda mlima wa Kapkatet na mguu mmoja, na giaboksi ikawa inabadilisha gia yenyewe, taratibu, bila ile kelele. Mama mmoja aliyekuwa barabarani na mtungi wake hakunisikia nikija, ikabidi nipige honi. Nikacheka peke yangu ndani ya gari. Nililia pia kidogo, kwa sababu mzee wangu angependa sana kusikia huo unyamavu.

Sasa, ili mtu aelewe kilichotokea, lazima ajue tunavyolaza magari hapa kwetu. Hakuna mtu analaza gari mahali tambarare. Kwanza tambarare iko wapi? Unaiacha ikiangalia mteremko, unaweka jiwe mbele ya tairi, basi. Asubuhi ni baridi, dizeli imeganda usingizi, na betri kwetu ni ya taa. Unatoa jiwe, gari inateremka, unaingiza gia ya pili, unaachilia klachi, injini inakohoa, inashika. Mzee wangu alikuwa amefunga lile jiwe kamba, na kamba inapita dirishani, ndio avute akiwa ameketi tayari. Vijana wote wa huu mtaa walijifunza hivyo, na shemeji alijifunza kwa ndugu yake.

Otomatiki haiwashwi hivyo. Wainaina aliniambia mara tatu, na ya tatu alinishika mkono ndio nisikie. Injini ikiwa imezima, matairi yanajizungukia tu, hakuna kitu kinachoyafunga na injini, hata uteremke mpaka Sotik haitawaka. Na injini ikiwa imezima breki inakuwa ngumu kama kukanyaga ukuta. Tena ukiwa umeingiza gia, ukigeuza ufunguo haitoi hata mlio. Lazima gia iwe imeegeshwa kwa P ndio iwake.

Nilifika nyumbani nikayasema yote, neno kwa neno, shemeji akiwa amekaa kwa Kogo, wote wawili wanakunywa chai. Akacheka. Akasema hiyo sasa ni gari ya wamama. Nikamjibu ndiyo, na mama mwenyewe ni mimi.

Kogo alitoka akapaka maziwa kwa boneti, akaibariki. Halafu akanyoosha mkono. Wakati wa mwanawe ufunguo wa gari ulikuwa unalala kwake kila jioni. Baba Cherono alikuwa anapita kumsalimia mama yake, anauacha, na asubuhi anauchukua pamoja na baraka. Nikauweka kwa kiganja chake. Kwa heshima. Na lile jiwe la mzee, ingawa otomatiki haina haja nalo, niliendelea kuliweka na kamba yake, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea.

Jumatano nilitoka mapema na kikapu, nikaenda kuchuna kidogo kabla ya saa ya maziwa. Shemeji alikuja nyuma yangu akamwambia Kogo nimemtuma. Alikuwa amemwahidi mtu wa Chepilat kumbebea viazi, ahadi ya siku nyingi, kabla sijamnyang'anya gari yangu. Kogo akampa ufunguo. Aliingia, na cha kwanza akavuta gia mpaka D, ile ya kwenda mbele, kwa sababu mtu aliyezoea gia lazima aingize gia. Akageuza ufunguo. Kimya. Akasema betri imekufa, mkewe alimsikia. Halafu akafanya kile ambacho mwanamume yeyote wa hapa angefanya. Akavuta kamba.

Mimi nilikuwa katikati ya majani. Niliinua kichwa nikaona pikapu yangu inateremka bila sauti. Gari ambayo miaka yote ilisikika kabla ya kuonekana, inateremka kimya, na inazidi mwendo. Nilipiga kelele kanyaga breki, kumbe maskini alikuwa anaikanyaga na imegoma. Usukani nao ulikuwa mzito. Ilivunja ua, ikapasua mistari ya chai ya jirani, ikaingiza pua kwa mti wa bulugamu.

Tulimkuta mguu wa kushoto umenyooka mbele, umebanwa pale kwenye pedali. Alikuwa anatafuta klachi. Mpaka mwisho mguu wake ulikuwa unatafuta klachi ambayo mimi nimeitundika kwa boma la ng'ombe.

Nilikimbia na hili goti, sijui nilikimbiaje. Nilimshika kichwa mpaka gari ya jirani ikaja, na kwa ile gari nilimshika mpaka Kapkatet. Nilipoona anapumua vizuri nilimshukuru Mungu kwa moyo wote. Ni baada ya hapo ndipo niliwaza juu ya pikapu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kuna watu wanasema niliangalia gari kwanza.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulikariri shuleni sote. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba yule aliyeonya naye anaitiwa kikao.

Kikao kilikaa jana mchana kwa Kogo. Nilifikiri ninaitwa nipewe pole. Niliketi, na baba mdogo wa mzee wangu, mtu mzima ninayemheshimu, akaanza mbali. Akasema gari hii ilikuwa na mkono wa marehemu. Akasema marehemu aliiacha inajulikana, kila mtu wa nyumba anaiweza, na sasa mama ameng'oa giaboksi ya mwenye nyumba bila kuuliza mtu, akaweka kitu cha kigeni. Kisha akasema maneno ambayo nitayabeba mpaka kaburini: "Gari imekataa mtu wa nyumbani."

 Nilimwangalia Kogo. Alikuwa anajua nilichosema siku ile, alikuwepo na chai yake mkononi. Alikuwa anajua ni nani alidanganya na ni nani alitoa ufunguo. Aliangalia chini, akaendelea kukunja kona ya leso. Akasema tu kwamba Kiprono ndiye mwana aliyebaki.

Hiyo ndiyo iliniuma. Baba mdogo ni mzee, anaongea yake. Lakini Kogo nimempikia, nimemwogesha akiugua, nimemwachia ufunguo wangu kama mtoto wake mwenyewe angefanya. Na siku ya kusema neno moja, akakunja leso.

Wakaamua niende hospitali niombe msamaha. Mimi. Nimwombe msamaha aliyeiba gari yangu akaivunja.

Nilitaka kusimama niwaambie yote. Nilibaki nimeketi. Nilijiambia ni heshima, lakini leo nikikaa na moto naona ilikuwa ni woga pia. Mjane akiongea sana kwa kikao wanaanza kuangalia mipaka ya shamba lake.

Kwa hivyo leo asubuhi nimeenda. Nilipika ugali, nikabeba mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kibuyu kidogo, nikapanda bodaboda na goti langu limenyooka kando kama ubao. Njiani nilikuwa nafanyia mazoezi ile sentensi. Shemeji, kama nimekukosea unisamehe. Kila nikifika kwa lile neno kama, meno yanakataa.

Nilimkuta ameinuliwa mguu, amefungwa vyuma. Amekonda kwa siku chache hizi, na uso wake, nikimwangalia kutoka upande, ni wa mzee wangu kabisa. Hapo moyo wangu ulilegea, sikatai. Nikaweka chakula, nikakaa. Alimtuma mke wake akalete maji ya moto. Mke alipotoka, alininongoneza, akiangalia mlango.

"Shemeji, giaboksi imepona?"

Mungu wangu, nilifikiri mambo mazuri. Nilifikiri huyu mtu amelala hapa siku zote akiumizwa roho na hasara yangu. Wainaina alikuwa ameniambia Alhamisi, baada ya kuivuta mpaka gereji: chesisi imepinda, rejeta ni vipande, mauntini za kushikilia injini zimevunjika, lakini giaboksi haina hata mkwaruzo. Nilikuwa karibu kumwambia usijali shemeji, tutajenga upya. Nilikuwa nimeshika mkono wake.

Akaendelea. "Daktari anasema huu mguu hautakanyaga klachi tena. Kwa hivyo mkiitengeneza, muiache tu hivyo hivyo, otomatiki. Mimi nitaizoea."

Mimi nitaizoea.

Niliachilia mkono wake. Nilimwangalia kama anatania, hatanii. Alikuwa amelala pale amepanga kila kitu: gari itajengwa, na mimi ndiye nitaijenga, na yeye atakaa kwa usukani na mguu wake mmoja, ule wangu nao urudi kwa kiti cha kushoto. Ile gari ya wamama. Hakuniuliza goti langu linaendeleaje. Tuna mguu mmoja mbovu kila mtu, mimi na yeye, upande mmoja, na bado hajaona kwamba tumefanana.

Mke wake akaingia na maji. Nikasimama, nikafunika ugali usipoe, nikaongea kwa sauti ya kawaida ili mke asikie pia.

"Imepona. Na kiti cha kushoto kiko, siku yoyote ukitaka lifti."

Nikatoka. 

Sikuomba msamaha. Kogo ametuma mtu jioni hii kuuliza kama nimeomba, nikamjibu nimepeleka chakula. Ufunguo bado uko kwake. Wa nini sasa? Akae nao, ni ufunguo wa gari iliyolala. Nitatafuta mwili mwingine wa pikapu, hata kama itachukua muda, na ufunguo wake utalala shingoni mwangu.

Mvua ya mawe imenyamaza. Nimefunua gunia kidogo, nikaweka mguu wangu wa kushoto juu ya giaboksi. Imeshika joto la moto, na goti limetulia.

Kesho tena ng'ombe wa majirani watakamuliwa kama kawaida, wao hawajui habari za vikao. Mitungi itapangwa pale barabarani alfajiri, watu watasimama kusikiliza kama ninakuja. Nitayabeba maziwa yao na nini?